Seraphino Antao: Mshindi wa Dhahabu katika Ngazi ya Rangi

Mwanafunzi wa shule ya msingi kule Vitengeni, nyuma ya msitu wa Arabuko-Sokoke katika bara ya Kilifi, akiulizwa ni Mkenya gani aliyetangulia kushinda medali ya dhahabu katika michezo ya Jumuiya ya Madola, yamkini atataja jina la Kipchoge Keino, au jina jingine lolote la nyanda za juu za Bonde la Ufa. Si ajabu. Kwa zaidi ya nusu karne nchi imezoea kuamini kwamba mbio ni mali ya watu wa milimani, na kwamba Pwani ilipewa bahari, mnazi na taarabu. Hata hivyo, jawabu sahihi lingeweza kupatikana mjini Mombasa, safari ya saa chache tu kutoka Vitengeni. Mtu huyo aliitwa Seraphino Antao. Alikuwa na jina la Kireno, asili ya Kihindi na kazi bandarini Kilindini, na mnamo mwaka 1962 aliiletea Kenya si dhahabu moja bali mbili.

Maisha ya Antao hayaeleweki bila ya kuitazama kwanza ngazi ambayo dola ya kikoloni iliwapandisha na kuwateremsha watu wa Kenya. Juu kabisa alikuwapo Mzungu, katikati, Mhindi, chini, Mwafrika. Shule zilikuwa tatu, hospitali zilikuwa na wadi za rangi rangi, na ardhi nzuri ya nyanda za juu ilitengewa rangi moja. Pwani ngazi hiyo ilikuwa na vidato zaidi, kwa kuwa Mwarabu aliorodheshwa miongoni mwa wasio wenyeji, na kwa sababu hiyo baadhi ya Waswahili walipigania kwa miaka mingi kuandikwa upande huo ili wakwepe kodi na dharau iliyomwandama mwenyeji. Ubaguzi una tabia hiyo: haumtosheki mtu kubaguliwa tu, humfunza pia kumtafuta aliye chini yake.

Wagiriama wa Vitengeni waliwekwa chini kabisa. Baada ya upinzani wa miaka ya 1913 na 1914, ambao kiongozi wake mashuhuri alikuwa Mekatilili wa Menza, serikali iliwatoza faini ya rupia 100,000, ikalidai kabila vijana wa kufanya kazi, na ikalipua Kaya Fungo kwa baruti. Eneo lao liliitwa hifadhi ya Wanyika. Neno hilo lenyewe lastahili kuangaliwa na mwanafunzi wa Kiswahili. Mnyika ni mtu wa nyika, wa porini, na waliolitumia kwanza si wakoloni bali majirani wa mijini waliozungumza lugha hii tunayoisifu kwa ukarimu wake. Wenyewe hawakulipenda, na katika miaka ya 1940 walijichagulia jina la Mijikenda, ambalo ndilo lililobaki. Lugha yetu haikuzaliwa bila doa; anayetaka ushahidi zaidi na aichunguze ile methali inayoagiza Mgala auawe kisha haki yake atolewe.

Antao alizaliwa mwaka 1937 katika jamii iliyosimama kwenye kidato cha kati cha ngazi hiyo. Wagoa walitoka Goa, sehemu ndogo ya pwani ya magharibi ya India iliyotawaliwa na Wareno kwa zaidi ya miaka 400. Wengi wao walikuwa Wakatoliki, wenye majina ya Kireno, na serikali ya Waingereza iliwapenda kwa ukarani. Katika ofisi za bandari, reli na forodha za Afrika Mashariki, aghalabu aliyeshika kalamu alikuwa Mgoa, aliyetia saini alikuwa Mzungu, na aliyebeba mzigo alikuwa Mwafrika. Mgoa hakuweza kuingia katika klabu ya Wazungu ila kwa kazi. Naye akajenga yake. Lakini hata humo ngazi iliendelea. Makarani walikuwa na vyama vyao, na mafundi cherehani, ambao kwa desturi za tabaka walihesabiwa kuwa duni, walilazimika kuanzisha chama chao wenyewe huko Nairobi. Haya yanatajwa hapa si kwa nia ya kuwasuta Wagoa, maana hakuna jamii ya zama hizo iliyosalimika, bali kwa sababu wasifu wa mtu aliyebaguliwa huharibika ukimgeuza malaika na ukaigeuza jamii yake kundi la malaika.

Kijana Antao alisoma katika shule ya Wagoa mjini Mombasa, akajulikana kwanza kwa kandanda. Kasi yake ilimpeleka riadhani. Alijiunga na klabu ya Achilles, na hapo alipata bahati ambayo vijana wengi wa umri wake waliikosa: mkufunzi. Ray Batchelor, Mzungu aliyeishi Mombasa, alimfundisha jinsi ya kuondoka kwenye mstari, jinsi ya kutuliza mabega, jinsi ya kuzimaliza mbio badala ya kuzikimbia tu. Mbio fupi si kipaji peke yake. Sekunde tisa na nusu hujengwa kwa miaka, kwa viatu vya misumari, kwa njia iliyopimwa, kwa saa na kwa jicho la mtu anayejua kinachotazamwa. Baadaye Antao aliajiriwa na kampuni ya Landing and Shipping, iliyoshughulikia mizigo bandarini Kilindini.

Hapo pana jambo ambalo wasifu wa kumsifu tu ungelipita kimyakimya. Katika bandari hiyohiyo walifanya kazi vijana wa Kimijikenda waliotoka bara ya Kilifi, wakiwamo waliotoka Vitengeni na viungani mwake, wakibeba magunia migongoni. Baba zao walikuwa wametembea na kipande shingoni. Iwapo miongoni mwao alikuwapo mwenye miguu mepesi kuliko ya Antao, hakuna aliyempima. Ngazi iliyomzuia Antao kuingia katika klabu ya Wazungu ndiyo iliyomweka shuleni, ikampa kazi ya ofisini na nafasi ya kumwona mkufunzi jioni. Alikuwa mbaguliwa na mnufaika kwa wakati mmoja. Watu wa kidato cha kati huwa hivyo, na ndiyo maana historia hupata taabu kujua iwaweke wapi.

Michezo yenyewe iligawanywa kwa rangi kama ilivyogawanywa kila kitu. Mechi kubwa ya kriketi nchini, iliyoanza mwaka 1910, iliwakutanisha Wazungu na Wazungu: maafisa wa serikali na walowezi. Baadaye ikaja ile ya Wazungu na Waasia. Mwafrika alielekezwa zaidi kwenye kandanda na riadha, chini ya usimamizi wa jeshi, polisi, magereza na wakuu wa wilaya, ambao waliona kwamba kijana akikimbia kuzunguka uwanja hatapata nafasi ya kuhudhuria mikutano ya siasa. Chama cha riadha cha nchi kiliundwa mwaka 1951. Uwanjani, angalau, njia za kukimbilia hazikupakwa rangi, na katika timu ya Kenya walianza kuonekana pamoja watu ambao nje ya uwanja wasingeweza kuketi katika behewa moja la gari moshi.

Lakini mawazo ya watazamaji hayakwenda kwa kasi ya miguu. Mwaka 1954, timu ya Kenya ilipopitia London ikielekea Vancouver kwa michezo ya Jumuiya ya Madola, Lazaro Chepkwony alikimbia maili sita katika uwanja wa White City bila viatu. Alikwenda kwa vishindo, akiongeza kasi ghafla kisha akiipunguza, hata akawavuruga wapinzani wake, na mwishowe akajiondoa kabla ya kumaliza. Wengi wa waliomtazama walikuwa na maelezo tayari: Mwafrika ana nguvu lakini hana akili ya kupanga mbio, atakwenda kasi, lakini hatadumu. Siku iliyofuata Nyandika Maiyoro alikimbia maili tatu akamaliza wa tatu, na huko Vancouver akawa wa nne. Maelezo yale hayakufutwa mara moja. Yalibadilishwa tu polepole, hata yakageuka kinyume chake: baada ya Abebe Bikila wa Ethiopia kushinda marathoni ya Roma mwaka 1960 akiwa pekupeku, na baada ya Wakenya kuanza kutwaa mbio ndefu, walewale waliosema kwamba Mwafrika wa Mashariki hawezi kudumu walianza kusema kwamba hawezi lolote ila kudumu. Nadharia iliyozaliwa kwa ubaguzi haifi inapokanushwa; hubadili nguo.

Antao hakufaa katika nadharia yoyote kati ya hizo. Mwasia, kwa fikira za wakati ule, alikuwa mtu wa duka, wa mizani na daftari la hesabu. Akicheza, atacheza hoki au kriketi. Kuwa mtu mwenye kasi kuliko wote katika Afrika Mashariki na Kati halikuwa jambo aliloandikiwa. Labda hii ndiyo sababu moja ya yeye kusahauliwa upesi: hadithi za kitaifa hupenda mashujaa wanaofanana na matarajio.

Ifahamike pia kwamba riadha ya siku hizo ilikuwa ya ridhaa. Mkimbiaji aliyepokea hata shilingi chache kwa ajili ya mbio zake alifungiwa. Kanuni hiyo ilisifiwa kuwa ulinzi wa usafi wa michezo, ilhali ilikuwa pia mlango uliomfungia maskini, kwa kuwa asiyelipwa hukimbia tu ikiwa ana mshahara mwingine wa kumlisha. Ng'ambo, katika michezo ya kulipwa, ukuta ulikuwa wa wazi zaidi. Nchini Marekani besiboli ya ligi kuu haikuwa imemruhusu mchezaji mweusi kwa zaidi ya nusu karne hadi Jackie Robinson alipoingia uwanjani akiwa na Brooklyn Dodgers mwaka 1947, akatukanwa na mashabiki na wachezaji wenzake. Robinson huyo, pamoja na Harry Belafonte na Sidney Poitier, ndiye aliyetia saini ombi la fedha lililowezesha wanafunzi 81 wa mpango wa Tom Mboya kusafiri kwenda kusoma Marekani mwaka 1959. Ukuta wa michezo na ukuta wa elimu ulijengwa kwa udongo mmoja, na waliojaribu kuubomoa walilijua hilo.

Antao alitoka nje ya nchi kwa mashindano makubwa mnamo mwaka 1958, katika michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Cardiff. Hakurudi na medali. Hata hivyo, michezo hiyo ina nafasi yake katika kisa hiki kwa sababu ya timu iliyotoka Afrika Kusini: timu ya Wazungu watupu, kutoka nchi ambayo wengi wa watu wake hawakuwa Wazungu. Kabla ya michezo kuanza, barua ya kulaumu ubaguzi huo ilichapishwa katika gazeti la The Times la London, na miongoni mwa wanamichezo walioitia saini alikuwamo Stanley Matthews, mchezaji mashuhuri wa kandanda. Barua haikumzuia yeyote kushiriki. Katika yadi 440 za kuruka viunzi mshindi alikuwa Gert Potgieter wa Afrika Kusini na wa tatu alikuwa Bartonjo Rotich wa Kenya, wakasimama pamoja kupokea medali. Katika nchi ya Potgieter kusimama huko kusingewezekana. Kiswahili kilikuwa na neno kaburu kwa Mzungu wa aina ya Potgieter kwa maana ya asili yake tu. Katika miongo iliyofuata neno hilo likachukua maana ya mbaguzi yeyote, wa popote, na likaingia hivyo katika fasihi yetu.

Mwaka 1960 Antao alikimbia Roma katika Michezo ya Olimpiki. Miezi michache kabla ya hapo polisi wa Afrika Kusini walikuwa wamewaua watu 69 huko Sharpeville. Timu ya Wazungu watupu ilikwenda Roma pia, nayo ikawa ya mwisho kwa zaidi ya miaka 30: Afrika Kusini ilijitoa katika Jumuiya ya Madola mwaka 1961, ikazuiwa kushiriki Olimpiki ya 1964, na haikurudi Olimpiki hadi 1992. Kati ya Cardiff na Tokyo, yaani katika miaka sita tu, jambo lililoonekana la kawaida likawa aibu. Antao alishiriki katika michezo hiyo yote, Cardiff, Roma na Tokyo, na kwa hiyo aliyaona mabadiliko hayo kwa karibu.

Kisha zikaja siku ambazo utaifa wenyewe uliyumba chini ya miguu ya watu wa asili yake. Desemba 1961 jeshi la India liliingia Goa na kuutoa utawala wa Wareno. Wagoa wa Kenya, ambao wengi wao walikuwa wamehesabiwa kuwa raia wa Ureno, walijikuta nchi ya karatasi zao haipo tena pale ilipokuwa. India iliwaita, Uingereza iliwasita, na Kenya ilikuwa bado haijazaliwa. Wapo waliokuwa wamekwisha kuchagua bila kusitasita, kama Pio Gama Pinto, aliyefungwa na wakoloni kwa sababu ya kupigania uhuru wa Kenya na aliyeuawa Nairobi mwaka 1965. Wapo waliongoja. Katika mwaka huohuo wa 1962 Ronald Ngala, Mgiriama aliyezaliwa Gotani, aliketi katika serikali ya mseto pamoja na Jomo Kenyatta, na watu wa Pwani walikuwa wakibishana iwapo mwambao ubaki na Kenya au usibaki. Ni mwaka ambao pia Shaaban Robert alifariki. Swali la nani ni mwenyeji wa wapi lilikuwa katika kila kinywa.

Katika hali hiyo Antao alikuwa akikimbia kuliko alivyowahi kukimbia. Kati ya mwaka 1962 alikwenda London akashinda yadi 100 na yadi 220 katika mashindano ya ubingwa ya Uingereza. Novemba akasafiri na timu ya Kenya kwenda Perth, magharibi mwa Australia.

Perth haikuwa mji mtupu usio na historia. Kuanzia mwaka 1927 hadi 1954 wenyeji asilia wa Australia walikuwa wamekatazwa kuingia katikati ya mji huo bila ya kibali. Mtu wa Vitengeni aliyekumbuka kipande asingehitaji kufafanuliwa. Haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa taifa wenyeji hao waliipata mwaka huohuo wa 1962. Sera ya uhamiaji ya Australia, ambayo ilikuwa ya kuwapendelea Wazungu, ilikuwa ingali imara; ingekuwa vigumu mno kwa mtu wa rangi ya Antao kuomba kuishi katika nchi ambayo sasa ilimkaribisha akimbie. Lakini katika michezo hiyohiyo bondia Jeff Dynevor akawa mwenyeji asilia wa kwanza wa Australia kushinda dhahabu ya Jumuiya ya Madola. Milango ilikuwa inafunguka, kwa kukwaruza.

Joto lilikuwa kali, likapita nyuzi 40 za Selsiasi, na wakimbiaji wa nchi za baridi waliteseka. Katika yadi 100 aliyetazamiwa kushinda alikuwa Harry Jerome wa Kanada, mtu mweusi aliyekuwa ameifikia rekodi ya dunia ya mita 100, sekunde 10.0, mwaka 1960. Fainali ilipopigiwa bastola Antao aliondoka vizuri. Jerome alichanika msuli wa paja, akamaliza wa mwisho. Antao alivuka mstari wa kwanza kwa sekunde 9.5, nyuma yake akiwa Tom Robinson wa Bahamas.

Yanafaa kusemwa machache juu ya Jerome, kwa kuwa yaliyompata yanaonyesha upande wa pili wa sarafu hiyohiyo. Magazeti ya kwao hayakumhurumia. Yalimwita mtu wa kukata tamaa, asiyestahimili, kana kwamba msuli uliochanika ulikuwa tabia. Jeraha lilikuwa kubwa kiasi cha kuwafanya madaktari watilie shaka iwapo angekimbia tena. Alikimbia, akapata shaba Tokyo mwaka 1964 na dhahabu ya Jumuiya ya Madola huko Kingston mwaka 1966. Mwanamichezo mweupe aliyeumia aliitwa mwenye bahati mbaya. Mweusi aliyeumia alitakiwa athibitishe kwamba ana moyo. Tofauti hiyo ya kipimo ndiyo iliyo ngumu kuiona kwa macho, kuliko hata kibao cha klabu kilichomkataza mtu kuingia.

Antao aliongeza yadi 220, akashinda tena. Dhahabu mbili, za kwanza kwa Kenya katika michezo hiyo. Kimaru Songok alipata fedha katika yadi 440 za viunzi. Katika timu hiyohiyo alikuwamo polisi kijana ambaye hakuwa na jina bado, akamaliza wa 11 katika maili tatu. Huyo alikuwa Kipchoge Keino. Bendera iliyopandishwa kwa ajili ya ushindi wa Antao ilikuwa ya koloni, na wimbo ulikuwa wa Malkia.

Pengine hapo ndipo kusahauliwa kulipoanzia. Uhuru ulipofika tarehe 12 Desemba 1963 taifa jipya lilihitaji mashujaa wa bendera yake, na dhahabu za Perth zilikuwa za bendera iliyoteremshwa. Haki, hata hivyo, ilitendeka mara moja kwa namna ya kupendeza. Oktoba 1964, Kenya huru ilipoingia uwanjani Tokyo katika Michezo ya Olimpiki kwa mara yake ya kwanza, aliyebeba bendera nyeusi, nyekundu na kijani mbele ya timu alikuwa Seraphino Antao. Serikali ya Waafrika ilikuwa na watu wengi wa kuchagua. Ilimchagua Mgoa wa Mombasa, na uchaguzi huo unasema zaidi juu ya matumaini ya mwaka ule kuliko hotuba nyingi. Mbioni hakufika fainali. Medali ya kwanza ya Olimpiki ya Kenya ilipatikana humo humo Tokyo, shaba ya Wilson Kiprugut katika mita 800, na kuanzia hapo njia ya riadha ya nchi ikageukia masafa ya kati na marefu.

Antao aliacha mbio baadaye, akahamia London, akaishi huko hadi mwisho wa maisha yake. Wengi wa jamii yake walifuata njia hiyo kwa sababu zao mbalimbali. Sheria za uhamiaji na leseni za biashara zilizopitishwa Kenya mwaka 1967 ziliwabana Waasia wasiokuwa raia. Uingereza, kwa kuogopa wimbi lao, ikapitisha sheria yake ya kuwazuia mwaka 1968. Mwaka 1972 Idi Amin akawafukuza wa Uganda kwa siku 90. Jamii iliyowekwa kidato cha kati iligundua kwamba ngazi ikiondolewa, wa katikati huanguka pande zote mbili: waliokuwa juu hawamtambui, waliokuwa chini hawamsahau. Chuki hiyo haikuzuka hivi hivi. Aliyebeba gunia Kilindini aliikumbuka kalamu. Lakini chuki yenye sababu si haki kwa kuwa ina sababu, na mtoto wa karani hakuwa ameijenga ngazi.

Mwaka 1968 huko Mexico Keino, Naftali Temu na Amos Biwott walishinda dhahabu za Olimpiki, na katika michezo hiyohiyo Tommie Smith na John Carlos wa Marekani wakainua ngumi zenye glavu nyeusi juu ya jukwaa la washindi, wakatimuliwa kutoka kwenye timu yao. Dunia ilizungumza juu ya rangi katika michezo kwa sauti ambayo haikuwahi kusikika. Kenya, kwa upande wake, ilikuwa imepata hadithi yake ya kujivunia, hadithi ya milima na vijana wanaokimbia kwenda shuleni, na hadithi hiyo haikuwa na nafasi ya Mgoa wa mbio fupi. Hakuna aliyeamua kumfuta. Alikosa tu mahali pa kuwekwa. Vitengeni nako kulikosa mahali katika hadithi hiyo, kwa kuwa kijana wa Kigiriama aliyeambiwa tangu utotoni kwamba mbio ni za kabila jingine hakuwa na sababu ya kufunga kamba za viatu.

Septemba 2011 Antao alifariki London akiwa na umri wa miaka 73. Julai 2017 serikali ya Kenya iliwatambua rasmi Wakenya wa asili ya Kihindi kuwa kabila la 44 la nchi. Walikuwa wametanguliwa mwaka huohuo na Wamakonde, na mwaka 2023 ikawa zamu ya Wapemba, ambao wengi wao ni wavuvi wa pwani ya Kilifi na Kwale walioishi kwa vizazi bila kitambulisho. Inashangaza kwamba njia ya kumkubali mtu kuwa Mkenya imekuwa kumpa nambari ya kabila, kana kwamba ngazi ya zamani imelazwa chini badala ya kutupwa. Lakini aliyekaa miaka yote hiyo bila karatasi hana muda wa kubishana na nambari.

Tarehe 3 Agosti 2022, huko Birmingham, Ferdinand Omanyala alishinda mita 100 katika michezo ya Jumuiya ya Madola kwa sekunde 10.02. Kwa miaka mingi alikuwa ameambiwa kwamba Mkenya hawezi mbio fupi. Ripoti za ushindi huo zililazimika kurudi nyuma miaka 60 zikimtafuta Mkenya aliyemtangulia, na kwa mara ya kwanza katika maisha ya wasomaji wengi, jina la Seraphino Antao likachapishwa kando ya jina la bingwa.